Baba anataka nimsomee tasnifu yangu

Shikamoo Mama,

Nimekusoma tangu nikiwa Tanga na sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa mwenye barua. Nina miaka 28. Mwaka huu niko Uingereza kwa shahada ya uzamili ya fasihi ya Kiingereza, na tasnifu yangu inatakiwa mwezi wa tisa. Tasnifu inakwenda vizuri. Tatizo ni kwamba baba anataka nimsomee.

Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kitabu alichonifundishia kusoma kwa sauti ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare. Nakala yake jalada liling'oka zamani akalibandika kwa uji wa unga, na hadi leo ukiifungua inanukia karafuu za kabati la mama. Alipokuwa kidato cha tatu, miaka ya 70, shule ya wavulana watupu, waliuigiza mchezo huo ukumbini na yeye akapewa nafasi ya Portia, akavishwa kanga za matroni. Maneno ya Portia kuhusu huruma anayajua kwa moyo. Umeme ukikatika tulikuwa tunamwomba ayaseme gizani. Nilipopata nafasi ya kuja huku alinipa kitabu kile nije nacho.

Kwa wasioujua mchezo: Bassanio, kijana wa Venisi mwenye madeni, anataka kwenda kumposa Portia, binti tajiri. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara, hana fedha mkononi maana meli zake zote ziko baharini, hivyo anamkopea dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba. Muda ni miezi mitatu, na dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio mwenyewe. Habari zinakuja kuwa meli zimepotea, kesi inafika mahakamani, na Portia, kajigeuza wakili mwanamume, anamwokoa.

Tasnifu yangu inamhusu Antonio. Mchezo unafunguka yeye akisema hajui kwa nini ana huzuni. Wenzake wanabahatisha. Ni meli? Siyo. Basi umependa? Hapo anawakemea tu, wala hasemi hapana. Baadaye mwenzake mmoja anasema anadhani Antonio anaipenda dunia hii kwa ajili ya Bassanio peke yake. Mahakamani, kisu kikiwa kimeshanolewa, anajifananisha na kondoo aliyehasiwa, mgonjwa kundini, anayestahili kufa kuliko wote, kisha anamwambia Bassanio amsimulie mkewe jinsi yeye Antonio alivyompenda. Mwisho jozi tatu za wanandoa zinakwenda zao kulala. Yeye anabaki na barua inayosema meli zake tatu zimefika salama.

Msimamizi wangu ndiye aliyenielekeza kwenye nadharia ya kwia. Neno lenyewe lilikuwa tusi la Kiingereza kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja, wasomi wakaliokota miaka ya 1990 wakalifanya jina la kazi yao. Mama, sijawahi kuandika kitu kwa raha namna hii. Mistari niliyoijua tangu utotoni naiona kama nyumba ambayo kumbe ilikuwa na chumba kingine nyuma.

Sasa kila Jumapili baba ananiuliza nimefika wapi. Ameshawaambia wazee wenzake barazani kwamba binti yake anaandika kitabu cha Antonio. Anataka ikiisha nimsomee kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, huku namtafsiria. Hata kichwa cha tasnifu kinanishinda kukitafsiri. Kila neno la Kiswahili ninalolijua kwa jambo hilo ama ni tusi ama ni la hakimu. Nilimwambia, "Baba, inahusu urafiki." Akasema, "Vizuri. Urafiki ni jambo kubwa." Tangu siku ile najiona mwongo.

Kaka yangu mkubwa, aliyenilipia nusu ya ada, aliomba rasimu nikamtumia. Alijibu mstari mmoja: "Na wewe ndiyo umekuwa hivyo?" Wiki ya tatu hii sijamjibu.

Upande wa pili kuna msimamizi. Ni mtu mwema, lakini anataka niongeze sura kuhusu "kwetu", kuonyesha kwamba mchezo huu Tanzania hauwezi kusomwa hivi. Nakaa mbele yake namuwaza baba na kanga za matroni, nashindwa pa kuanzia. Na mimi nataka kurudi kufundisha, jina la tasnifu litakuwa kwenye wasifu wangu. Wenzangu wawili wa nyumbani wameniambia nibadilishe mada kabla hakujakucha.

Jambo la mwisho. Juzi nilikuwa napekua kitabu cha baba, nikakuta ukurasa wa kwanza, pembeni ya maneno ya Antonio, penseli, mwandiko wake wa ujana: "Kwa nini?" Na ukurasa wa mwisho kabisa: "Antonio je?" Nilikaa nayo muda mrefu sana.

Nifanyeje?

Binti wa Mwalimu

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye hiyo penseli. Nitarudi huko.

Nikikuelewa, umebanwa na watu watatu kwa pamoja. Baba anakupenda na anataka kusikia, nawe unahofia atasikia neno moja na mengine yote yatapita pembeni. Kaka amesikia tayari, na badala ya kuuliza habari za Antonio ameuliza habari zako. Msimamizi anakutaka utoe ushahidi juu ya nyumbani kwenu. Lakini hesabu mistari ya barua yako uone: kati ya hao watatu, mingi ni ya baba. Kwa hiyo hao wawili watasubiri.

Tuanze na neno, maana umesema Kiswahili hakikupi neno ila tusi. Mama yako pale Tanga anamwitaje jirani wanayepelekeana bakuli la futari? Shoga. "Shoga yangu kaniletea tambi." Hakuna anayegeuka. Neno hilohilo mwanamume akirushiwa kituo cha daladala, yanaweza kuwa makubwa. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni nani kasema, kamwambia nani, na nani alikuwa anasikiliza.

Sasa nenda kwenye mchezo wako. Lorenzo, rafiki wa Bassanio, anapomsifu Antonio mbele ya Portia, anasema ni mtu anayempenda mno mume wake, na neno analotumia Mwingereza wa leo angelisikia kama "mpenzi". Portia hashtuki. Anaitikia kwa upole na mazungumzo yanaendelea, kwa sababu zama zile neno lile lilimtosha rafiki. Mwanahistoria Alan Bray aliandika juu ya jambo hili mwaka 1990, na naamini umemsoma: kwamba mambo yaliyoonyesha urafiki wa heshima baina ya wanaume, kulala kitanda kimoja, kukumbatiana hadharani, kuandikiana barua za kuyeyusha moyo, yalikuwa karibu sana na mambo ambayo mtu angeshtakiwa nayo kwa dhambi iliyotisha kuliko zote. Mara nyingi kilichogeuza jicho la watu kilikuwa cheo na fedha. Ndiyo maana katika Edward II, mchezo wa Marlowe, mwandishi wa zama za Shakespeare, uliochapwa 1594, Mortimer mzee anaorodhesha wafalme na mashujaa waliokuwa na vipenzi vyao, Alexander na Hephaestion, Achilles na Patroclus, kana kwamba ni habari za kawaida. Na mpwa wake anamjibu kwamba mapenzi ya mfalme Edward kwa kipenzi chake hayamkeri. Kinachomkera ni mtu wa nasaba duni kupandishwa juu yao.

Nayasema haya kwa sababu nadhani umejitungia mtihani mgumu kuliko uliopo. Unafikiri siku ya kumsomea baba itabidi utamke sentensi moja: Antonio alikuwa mtu wa namna fulani. Je, tasnifu yako inasema hivyo? Maana nadharia unayoitumia, kwa ninavyoifahamu mimi, inaikimbia sentensi hiyo. Sheria ya Henry wa Nane, mfalme wa Uingereza, ya mwaka 1533 iliadhibu tendo, tena kwa kifo, lakini haikuwa na jina la mtu wa aina hiyo. Jina la kitaalamu walilokuja kulitumia Wazungu lilichapwa mara ya kwanza 1869, kwa Kijerumani. Mwanafalsafa Mfaransa Foucault alilisisitiza hilo mwaka 1976 na wengi wakamfuata. Ukimbandika Antonio jina hilo utakuwa umemvalisha koti la karne nyingine. Nijuavyo mimi, swali la nadharia yako ni jingine: jozi tatu za wanandoa zikishaingia ndani na mlango ukafungwa, nani kabaki uani, na nani aliamua kwamba mchezo umekwisha vizuri?

Antonio je?

Usiichukue penseli ile kama cheti cha ruhusa, lakini. Kijana wa kidato cha tatu akiandika "Antonio je?" huenda alikuwa anajiuliza kama mtu wa watu atarudishiwa fedha zake. Au alikuwa na mtihani kesho yake. Ninachosema ni kwamba swali lilikuwa lake kabla halijawa lako, na wewe umeliogopa jibu lake bila kumuuliza alikuwa anauliza nini.

Na hili la kanga za matroni umelipitisha haraka mno. Katika London ya Shakespeare wanawake hawakupanda jukwaani. Wavulana ndio walioigiza Portia na wenzake, mpaka mfalme Charles wa Pili aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1660. Maana yake Portia wa kwanza alikuwa mvulana aliyejifanya msichana aliyejifanya mwanamume, na watazamaji walijua yote matatu kwa wakati mmoja na wakafurahi. Wenzako darasani wanalisoma hilo vitabuni. Baba yako alisimama mle ndani, na kanga kiunoni, mbele ya wavulana wenzake. Ni shahidi ambaye hujamhoji.

Hapo naona njia kadhaa mbele yako, na hakuna hata moja isiyo na miiba.

Unaweza kumsomea yote, neno kwa neno, kama alivyoomba. Kuna heshima ndani ya hilo, kumchukulia baba kuwa msomaji mzima. Ila ni kwa simu, mwanangu. Mtandao unakatika. Fikiria umefika kwenye neno zito, laini ikakatika, yeye akabaki nalo peke yake dakika kumi pale kibarazani. Halafu ameshawatangazia wazee. Watamuuliza, "Binti kaandika nini?" Utakuwa umempa mzigo wa kuubeba mbele za watu, na yeye hakujua kama anaomba mzigo.

Unaweza kumsomea sura zenyewe za mchezo, mstari kwa mstari, na kuiacha sura ya nadharia. Sioni kwamba huo ni uongo, na wala ulipomwambia "inahusu urafiki" hukumdanganya. Ulisema kweli iliyo fupi. Hofu yangu hapa ni kaka. Ana rasimu. Habari ikimfikia mzee kwa mdomo wake, haitakuwa na Antonio ndani, wala meli, wala ratili ya nyama. Itakuwa na wewe tu. Kwa hiyo ukichagua njia hii ya taratibu, jiulize una muda gani.

Unaweza pia kuanza na kuuliza badala ya kusoma. Umuulize penseli ile ilitaka nini. Umsikilize Jumapili mbili tatu, uone anakokwenda. Anaweza kwenda mbali kuliko unavyotarajia. Anaweza pia kusema, "Antonio alikuwa na huzuni ya biashara tu, basi," na hapo utakuwa na mtu unayeheshimu anayeusoma mchezo kinyume chako. Hilo nalo unaliweza? Sikuulizi kwa kejeli. Wapo watoto wasomi wanaotaka baraka, na wanaita mjadala.

Kuhusu kaka. Hukuniambia jibu la swali lake, na mimi silitaki. Huna deni nalo kwa mtu yeyote anayelitumia kama kofi. Angalia tu kwamba jibu la haraka la "hapana, Mungu apishie mbali" lingekutoa wewe matatani kwa kumsukuma mtu mwingine ndani, na ukimya nao ameshaanza kuusoma apendavyo. Unaweza kumjibu kwa swali juu ya kazi: "Umefika ukurasa wa ngapi?" Pengine hakupita wa pili. Na lile la nusu ya ada... wewe umeandika tasnifu nzima juu ya mtu aliyelipia safari ya mwenzake, na akadhani kwa siri kwamba malipo yanampa haki ya kitu. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi deni na mapenzi yanavyochanganyika mpaka mwenye kukopesha mwenyewe hajui anadai nini. Huenda kaka yako naye anaogopa tu, na hana lugha nyingine ya kusema hivyo.

Sasa msimamizi. Mimi hapo nilikasirika kidogo kwa niaba yako, kisha nikatulia. "Hauwezi kusomwa" ni neno zito kwa nchi ambayo rais wake, akiwa Ikulu, alikaa akautafsiri. Tena atazame jina. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaandika Mabepari, wengi, mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Hakuandika wafanyabiashara. Alivaa miwani yake akausoma mchezo kwa macho ya ujamaa, na sijasikia mtu akisema ameuharibu. Ukitaka sura ya "kwetu", hiyo hapo: mchezo umeshasomwa kwetu kwa miwani, na kwetu wavulana wameshavaa kanga kuuigiza. Huenda msimamizi akaiona sura hiyo haina makali anayoyataka, na alama ziko mikononi mwake, hilo siwezi kulifuta. Ila ungeandika ukijua unachokisema.

Na la kazi sitakudanganya. Sheria zetu juu ya mapenzi ya jinsia moja ni kali, na za Kenya na Tanzania zina mizizi zama za Mwingereza huyohuyo aliyetuletea Shakespeare. Ya Tanzania inaadhibu tendo, na kumsoma Antonio si tendo. Uganda wamekwenda mbali zaidi, sheria yao ya mwaka 2023 inagusa hata kuhamasisha, kwa hiyo mtu anayefikiria kufundisha huko ana la kupima zaidi. Lakini ofisi ya walimu haingojei sheria ndiyo iseme. Waulize maktaba ya chuo kama tasnifu za uzamili zinawekwa mtandaoni, na kama unaweza kuomba izuiwe kwa miaka kadhaa. Vyuo vingi vina utaratibu huo. Kichwa cha tasnifu nacho ni chako. "Huzuni ya Antonio" kingekuwa kichwa cha kweli kabisa, na ni kizuri kuliko vingi vya kitaaluma nilivyowahi kuviona, vyenye nukta pacha katikati na maneno ishirini. Wenzako wanaosema ubadilishe mada nao hawakutakii mabaya. Wamehesabu gharama tu, nawe uzihesabu, ukiweka na gharama ya kuandika jambo usilolipenda kwa miezi iliyobaki.

Ngoja niseme na moja ambalo hukuniuliza. Huyo Antonio wako mimi simpendi sana. Anamtemea Shylock mate, na anaposhinda kesi anataka mzee wa watu abadilishwe dini. Katika barua yako nzima umemlilia aliyebaki uani, lakini kuna mwingine aliyeondoka mahakamani akisema hajisikii vizuri, na mchezo haukumtaja tena ila kwa mali yake. Kama baba yako ni mtu wa Tanga ninayemdhania, huenda atakuwa na mengi zaidi ya kusema juu ya huyo. Mwachie nafasi.

Umesema aliigiza na kanga za matroni. Kanga ina jina lake, limeandikwa pale karibu na pindo. Jumapili hii, kabla ya tasnifu, muulize zile zilikuwa zimeandikwaje. Akikumbuka, niandikie na mimi, maana nimebaki na hamu.